Laura Aguilar ni Nani? Mchicana wa Los Angeles Aliyepiga Picha Wanawake Waliofichwa, Kisha Akawapa Kalamu

Ukipigwa picha, maneno ya chini huandikwa na nani? Mara nyingi si wewe. Gazeti likikunasa, mhariri ndiye ataamua kama wewe ni "mkazi", "mshukiwa" ama "mrembo asiyejulikana". Hata kwa harusi ya binamu yako kuna shangazi ataposti na akuandikie kitu hukutaka, na hakuna vile utamfanya.

Laura Aguilar, mpiga picha wa Los Angeles, aliligeuza hilo jambo. Alikupiga picha, akaisafisha, akaacha nafasi nyeupe chini yake, halafu akakukabidhi kalamu. Andika unachotaka kujihusu. Kwa mwandiko wako, hata kama unaandika kama daktari.

Na watu aliowapa hiyo kalamu hawakuwa masupastaa. Walikuwa wanawake wa Kichicano na Walatina wengine wanaopenda wanawake wenzao, miaka ya themanini, wakati jina lako na sura yako kuwekwa pamoja kwa ukuta vingeweza kukugharimu kazi, nyumba na hata watoto.

Kwa Kiswahili kuna jina la wanawake hawa, na unalijua. Mtaani linarushwa kama jiwe, kwa hivyo hapa nitasema tu wanawake wanaopenda wanawake. Si kujifanya mstaarabu. Utaona mbele kwamba hata Laura mwenyewe alisumbuana na jina.

Mchicano ni nani kwanza?

Usichanganye na Mmexico aliyeingia Marekani jana. Mwaka wa 1848, baada ya vita, Mexico ilitia sahihi mkataba wa Guadalupe Hidalgo na ikapoteza karibu nusu ya ardhi yake, California ikiwemo. Kuna familia ambazo hazikuvuka mpaka hata siku moja. Mpaka ndio uliwavuka.

"Chicano" lilikuwa neno la madharau, la kumwita Mmexico wa Marekani ambaye hana mbele wala nyuma. Miaka ya sitini vijana wakalichukua na kulivaa kama beji. Ndio miaka ya mgomo wa wachuma zabibu wa Delano ulioanza 1965, na ya 1968 wanafunzi wa East Los Angeles walipotoka madarasani kwa maelfu wakidai shule zinazowaheshimu. Tarehe 29 Agosti 1970 waliandamana East LA kupinga vita vya Vietnam. Siku hiyo mwanahabari Ruben Salazar aliuawa ndani ya baa na kopo la gesi ya kutoa machozi lililofyatuliwa na afisa wa usalama.

Hiyo ndiyo heshima ya hilo neno. Lakini harakati zilikuwa na uso, na uso ulikuwa wa mwanaume. Wanawake waliambiwa wapike, wachape barua na wangoje zamu yao. Wale waliopenda wanawake waliambiwa kitu kibaya zaidi: kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu na unasaliti familia. Hiyo lugha si ngeni kwako, sivyo? Ndiyo maana kitabu *This Bridge Called My Back*, kilichohaririwa na Cherríe Moraga na Gloria Anzaldúa na kutoka 1981, kilishtua watu. Wote wawili walikuwa Wachicana, na wote wawili hawakuficha walimpenda nani.

Kwa maandishi basi, mambo yalikuwa yameanza. Kwa picha, bado.

Msichana wa San Gabriel

Laura Aguilar alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1959 huko San Gabriel, mashariki mwa Los Angeles. Baba yake alikuwa Mmarekani wa asili ya Mexico, na mama yake alikuwa mchanganyiko wa Mexico na Ireland.

Shule ilimkalia vibaya. Alikuwa na disleksia ya kusikia: masikio yanapokea sauti vizuri, lakini maneno yakifika kichwani yanapangika ovyo. Tatizo hilo liligunduliwa akiwa mtu mzima. Kabla ya hapo alikuwa tu yule mtoto anayechukuliwa kuwa mjinga, mnene, mpole kupita kiasi, anayekaa nyuma ya darasa akiomba asiulizwe swali.

Aliyemwokoa ni kaka yake. Ndiye alimwonyesha vile picha inavyosafishwa kwenye chumba cha giza. Wale waliozaliwa enzi ya simu hawawezi jua hiyo raha: karatasi nyeupe iko kwa maji ya dawa, halafu polepole uso wa mtu unaanza kutokea. Kwa mtu ambaye maneno yalikuwa yanamkimbia, hiyo ilikuwa lugha iliyokubali kukaa. Alisoma kidogo pale East Los Angeles College, lakini mengi alijifunza mwenyewe, kwa kupiga na kukosea.

Kamera na kalamu

Kazi iliyomtambulisha inaitwa *Latina Lesbians*, na aliianza 1986. Yolanda Retter, mwanaharakati na mtunza nyaraka wa Los Angeles, alikuwa kati ya waliomsukuma aifanye. Wazo lilikuwa rahisi kabisa: kupata picha ambazo zinawaonyesha hawa wanawake wakiwa watu wazima, wazima wa afya, wenye maisha. Wakati huo, ukitafuta sura yao kwenye magazeti na sinema, ungepata kichaa, muuaji ama kituko. Zaidi, hungepata chochote.

Sasa angalia vile alivyofanya. Kila mwanamke aliamua mwenyewe atavaa nini, atakaa wapi, atasimama vipi. Wengine walipigwa sebuleni, wengine mahali pa kazi. Picha ni nyeusi na nyeupe, hazina mbwembwe za mwanga, na macho mara nyingi yanakukazia wewe unayeangalia. Chini ya picha, kwenye ule ukingo mweupe, ndipo kuna mwandiko. Mmoja amevaa kikazi na anaeleza kwamba mamake alimhimiza awe karani wa kunakili kesi mahakamani, na yeye akaamua kuwa wakili. Kuna wanaoongelea dini, kuna wanaoongelea wazazi, kuna wanaojichekea.

Mimi kinachonishika ni mwandiko wenyewe. Jina unaweza kubadilisha. Nguo unaweza kuazima. Mwandiko wako ni kama alama ya kidole: aliyesoma na wewe darasa la tano anaweza kuutambua. Kwa hivyo ukiandika chini ya picha yako, kwa mkono wako, kwamba wewe ndiye huyu, umejifungia mlango wa kusema kesho "si mimi".

Na kulikuwa na sababu ya kutaka kusema si mimi. California ilikuwa imefuta sheria yake ya kuadhibu mapenzi ya jinsia moja katikati ya miaka ya sabini, lakini mwaka wa 1978 raia wa jimbo hilohilo walipigishwa kura ya kuamua kama walimu wanaopenda watu wa jinsia yao wafutwe kazi. Pendekezo hilo, lililoitwa namba 6, lilianguka. Lakini fikiria wewe ni mwalimu, na jirani zako wamepanga foleni kupigia kura mshahara wako. Kwa mahakama nyingi za Marekani, mama kujulikana hivyo kulitosha kunyang'anywa mtoto kesi ya talaka ikifika. Katika majimbo kadhaa, mapenzi yenyewe yalibaki kosa la jinai hadi Mahakama ya Juu ilipofuta sheria hizo mwaka wa 2003.

Ukijua hayo, picha ya mwanamke aliyekaa kwa kiti chake sebuleni, miguu imekunjwa, si picha ya kawaida tena.

Baa ya Plush Pony

Lakini *Latina Lesbians* ilikuwa na shida moja, na Laura aliiona. Wengi waliokubali kupigwa walikuwa wamesoma: mawakili, wanaharakati, watu wenye maneno. Na wale wa mkono kwa mdomo?

Kule El Sereno, mashariki mwa Los Angeles, kulikuwa na baa inaitwa Plush Pony. Ilikuwa base ya wanawake wa Kilatina wafanyakazi, wale wa kupiga shifti, kunywa bia na kucheza pool. Haikuwa mahali pa mikutano na hotuba. Ilikuwa mahali pa kupumua. Mwaka wa 1992, Laura aliingia na vyombo vyake, akatundika kitambaa nyuma kama studio ya mtaani, na akaanza kupiga yeyote aliyetaka.

Hizo picha ni noma. Wako wawiliwawili na kwa mabeshte. Kuna waliovaa jinzi na fulana kubwa, nywele zimekatwa fupi kama za wanaume, tatuu mkononi. Kuna waliojipodoa vizuri na kuegemea bega la mpenzi. Mwingine ameshika mwenzake kiuno vile mtu hushika kitu chake. Hakuna anayeomba ruhusa, na hakuna anayejieleza.

Kama umewahi kuingia studio ya picha mtaani, ile yenye pazia la maua na mwenye kamera anakuambia "inua kidevu kidogo", unajua kinachoendelea hapo. Kitambaa kinakutoa pale ulipo. Nyuma yake kuna kreti za bia, choo na deni la nyumba, lakini mbele yake wewe ni mtu mzima mwenye adabu anayepigwa picha ya kukumbukwa. Laura aliwapa hiyo heshima ya studio mahali ambapo watu wa nje wangekuja tu kutafuta kituko. Hakuwa mtalii pale, ingawa pia hakuwa mmoja wao kabisa, maana alikuwa mtu wa aibu sana. Nadhani aibu hiyo ilimsaidia. Mtu mwenye kelele huwafanya wengine waigize.

Kumbuka pia mwaka wenyewe. Aprili 1992 Los Angeles iliwaka moto baada ya polisi waliompiga Rodney King kuachiliwa. Picha nyingi za mji zilizozunguka dunia zilikuwa za moshi na watu wakikimbia na televisheni mabegani. Picha za Plush Pony ni za mji huohuo, mwaka huohuo.

Hakuwa peke yake, ili nisikudanganye. Harry Gamboa Jr., mmoja wa waanzilishi wa kundi la sanaa la Asco la East LA, alianza 1991 kupiga wanaume wa Kichicano usiku, wamesimama wima wakikuangalia kutoka juu. Alisikia redio ikiwatahadharisha watu kuhusu mshukiwa ambaye ni "mwanaume Mchicano", akaona hiyo inamlenga yeye na kila msee anayemjua. Kwa hivyo akawapiga walimu, waandishi, makasisi na wasanii, na kukuachia wewe uone kama utaogopa. Catherine Opie naye, mji huohuo na miaka hiyohiyo, alikuwa anawapiga marafiki zake wanaopenda jinsia yao kwa mtindo wa picha za wafalme. Na huku kwetu Afrika, Zanele Muholi wa Afrika Kusini alianza 2006 mradi wa *Faces and Phases*, sura za wanawake Weusi wanaopenda wanawake, nyeusi na nyeupe, macho kwa macho. Ukiweka picha za Muholi kando ya za Laura utadhani ni mtu na binamu yake.

Tai watatu

Kuna wapiga picha ambao huwavua watu na wao wenyewe hubaki na koti. Laura hakuwa hivyo. Alichoomba kwa wengine, alijifanyia kwanza.

*In Sandy's Room* ya 1989 inamuonyesha yeye mwenyewe, uchi, amejilaza kwa kiti kando ya dirisha lililofunguliwa, feni inampulizia na kinywaji baridi kiko mkononi. Ni joto tu. Ni mwanamke mnene anayesikia joto. Ukiona hiyo inakushtua zaidi ya mrembo yeyote aliye uchi kwa tangazo la manukato, jiulize ni kwa nini.

Mwaka uliofuata akatoa *Three Eagles Flying*, ambayo nadhani ndiyo picha yake kali kuliko zote. Ni picha tatu zimepangwa kando kwa kando. Kwa mkono wa kushoto ni bendera ya Marekani, kwa wa kulia ni ya Mexico. Katikati ni yeye: kichwa kimefunikwa na bendera ya Mexico mpaka uso hauonekani, kiuno kimefungwa na ya Marekani, kifua kiko wazi, na kamba nene ya meli inamzunguka shingo na kumfunga mikono. Tai wako wapi? Mmoja ni nembo ya taifa la Marekani. Wa pili amekaa katikati ya bendera ya Mexico. Wa tatu ni jina lake, maana kwa Kihispania *águila* ni tai. Huyo wa tatu ndiye peke yake amefungwa kamba.

Kuna *Clothed/Unclothed*, picha mbilimbili za marafiki, wapenzi na familia, kwanza wakiwa na nguo halafu bila. Na kuna *Will Work For* ya 1993, ambapo amesimama barabarani na bango kama wale watu wa makutano wanaoomba kazi, isipokuwa bango lake linasema yeye ni msanii na anatafuta nafasi ya kuingia. Neno lenyewe ameliandika na makosa. Haukuwa mchezo wa kuigiza. Hakuwa na doo kwa kweli, na hakuwa na doo karibu maisha yake yote.

Mwaka huohuo wa 1993 kazi yake ilionyeshwa Venice Biennale, yale maonyesho makubwa ya Italia ambayo msanii wa kawaida huyaota tu. Ungefikiria baada ya hapo simu hazikunyamaza. Zilinyamaza.

Alipoondoka mjini

1996 alienda New Mexico, akavua nguo na akajilaza katikati ya mawe. Hiyo ni *Nature Self-Portrait*. Kwa picha moja amekunja mwili, mgongo kwa kamera, na mbele yake kuna majabali ya duara kama yeye. Inakuchukua sekunde kujua jiwe linaishia wapi na mtu anaanzia wapi. Kwa nyingine amelala kando ya kidimbwi, na maji yanamrudishia sura yake. Aliendelea hivyo kwa miaka, na *Grounded* ya 2006 na 2007 ikawa ya rangi.

Wengine husema hizi ni picha za mazingira, si za watu, na kwamba aliacha jamii yake. Mimi naona kinyume. Kwa miaka kumi alikuwa ameambiwa mwili wake ni mkubwa mno kwa chumba, kwa kiti, kwa picha. Jangwani hakuna kitu ni kikubwa mno.

Sifa zilizochelewa

Maonyesho makubwa ya kazi yake yote, *Show and Tell*, yalifunguliwa Septemba 2017 kwenye Makumbusho ya Vincent Price, ndani ya chuo kilekile cha East LA alichosomea. Sybil Venegas, mwalimu na rafiki yake wa miaka mingi, ndiye aliyeyapanga pamoja na kituo cha masomo ya Kichicano cha UCLA. Picha zilikuwa zaidi ya mia moja, za miaka thelathini. Zikafungwa Februari 2018. Laura alikuwa hai kuyaona, lakini kisukari kilikuwa kimemmaliza. Alifariki tarehe 25 Aprili 2018, akiwa na miaka 58, miezi miwili na kidogo baada ya picha kuteremshwa.

Kisha ndio milango ikafunguka. Maonyesho yakasafiri hadi Miami, Chicago na New York. Leo ukisoma historia ya upigaji picha Marekani utamkuta, na makumbusho yaliyompita barabarani akiwa na bango lake sasa yananunua.

Ukitaka kuanza kumwangalia, tahadhari kidogo: kama uko kazini, angalia ni nani amekaa nyuma yako kabla ya kufungua, maana nusu ya hizi picha hazina nguo. Anza na ile ya 1988 inayoitwa tu *Laura*, iliyo ndani ya *Latina Lesbians*. Ni yeye mwenyewe, akiwa na nguo zake, na chini kuna mwandiko wake. Anaandika kwamba lile neno wanaloitwa wanawake kama yeye bado halimkai vizuri. Halafu anasema kuna neno lingine ambalo kila siku linazidi kumkaa, na neno hilo ni Laura.